Majani Chini ya Mawe

Mtumbwi ulitolewa majini asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya Mto Ugala. Askari wanne waliuvuta kwa kamba huku wakiilaani baridi, kwa maana kipupwe cha mwaka huu hakikuja kwa masihara. Midomo ilikuwa imepasuka, visigino vimepasuka, na Koplo Anton, mzaliwa wa Rombo ambaye siku zote alijidai kwamba baridi ni ndugu yake wa damu, alikuwa amevaa soksi mikononi.

"Msiguse kilichomo," Inspekta Asmahani aliwaambia. "Kwanza picha."

Picha zikapigwa. Ulikuwa mtumbwi wa gogo, mrefu, wa mti mmoja uliochongwa kwa shoka na tezo, mweusi kwa uzee. Ndani yake mlijaa maji na mawe. Askari wa wanyamapori aitwaye Octavian ndiye aliyeuona jana jioni, alipokuwa doria kwenye kijito hiki cha ng'ambo, maji yalipokuwa yametulia na kuwa maangavu. Aliona umbo refu chini kabisa, akadhani mamba, akarudi nyuma, kisha akaona kwamba mamba huyo hana mkia.

"Afande, kesi imekwisha," Anton alisema, akipuliza soksi zake. "Mzee kaletwa ng'ambo huku pasipo na watu, kapigwa, kafa. Mwili umefungiwa jiwe na kutupwa huko mbele. Mtumbwi nao umejazwa mawe ili usionekane. Hata asiyekwenda shule ataisoma hii."

Asmahani alichuchumaa kando ya mtumbwi, akakunja mikono ya sweta.

Mzee anayesemwa ni Majidi, dereva wa treni mstaafu, mkazi wa Chemchem mjini Tabora, mtaa mmoja tu kutoka kwa mama yake Asmahani. Tangu alipostaafu, kila kipupwe kikiingia mzee huyu alifunga virago, akapanda treni hadi Kaliua, akatafuta usafiri wa kumfikisha mtoni, na huko akapiga kambi na rafiki yake Jilala, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Igunga. Walipiga makasia, walivua, walikula walichovua, wakaota moto. Hawakuuza hata samaki mmoja. Pale Chemchem watu walimcheka: mtu mzima na pensheni yake anakwenda kutetemeka porini kwa ajili ya perege wawili! Yeye akawajibu kwamba wao hawajui raha.

Safari hii Majidi hakurudi. Simu yake ilizimwa tangu Ijumaa ya wiki iliyopita. Wanawe walipopiga kelele, Asmahani alitumwa mtoni, na alichokikuta kambini ni Jilala peke yake, kakaa mbele ya moto, kavaa koti la Majidi, kafungulia redio ya Majidi. Kwenye mfuko wa koti kulikuwa na kichupa cha manukato ya Majidi. Alipoulizwa mwenye mali yuko wapi, Jilala alijibu, "Amekwenda kutembea." Nani anakwenda kutembea wiki nzima kwenye pori la viboko? Octavian naye akaapa kwamba alimsikia kwa masikio yake Jilala akimwambia mzee, "Iko siku nitakuzamisha, Mzaramo wee, nile rambirambi zako."

Asmahani ndiye aliyemtia pingu. Leo ilikuwa Jumapili. Kesho asubuhi Jilala angepandishwa gari kupelekwa mahakamani kusomewa shitaka la mauaji, na shitaka hilo halina dhamana. Mtu aweza kuozea mahabusu miaka kabla hajasikilizwa. Na Chemchem mikeka ilishatandikwa. Mwanamkuu, mke wa Majidi, alikuwa akingoja neno moja tu kutoka kwa polisi ili aingie eda.

Asmahani aliinua jiwe la kwanza, akaligeuza, akaliweka pembeni. Akainua la pili.

"Anton, tazama ukingo huu. Unaona jiwe lolote?"

Koplo alitazama. Ukingo ulikuwa tope jeusi na matete, matete na tope jeusi, hadi macho yanapoishia.

"Hakuna, afande."

"Basi mawe yametoka mbali. Mtu kayabeba, kayaleta, kayapanga. Hayakutupwa. Yameanzia mbele hadi nyuma, kushoto na kulia, uzito sawasawa. Muuaji ana subira kiasi hicho?"

"Wapo wauaji wenye subira."

"Wapo. Sasa lete mkono wako." Alimshika Anton mkono, akauvua soksi, akauzamisha ndani ya mtumbwi hadi chini. "Unagusa nini?"

Anton alipapasa, uso umemkunjamana kwa baridi ya maji. "Majani."

"Majani gani?"

"Majani tu, afande. Nyasi. Si yameingia na maji?"

"Majani yanayoingia na maji hulala yanavyotaka. Haya yamelazwa upande mmoja, safu juu ya safu, mazito kama godoro. Yametandikwa kwanza, ndipo mawe yakawekwa juu. Niambie, Koplo. Muuaji gani anatandika nyasi ili mawe yasikwaruze mtumbwi wa mtu aliyemuua?"

Askari mmoja nyuma ya Anton alicheka, akajifanya anakohoa.

Waliendelea kutoa mawe. Chini ya nyasi walikuta kafi la mtumbwi, limeviringishwa kwenye gunia na kufungwa kwa kamba. Kafi lingekuwa jipya kabisa mtu angeweza kusema limefichwa. Hili lilikuwa kuukuu, shikio lake limelainika kwa viganja, na fundo la kamba lilikuwa la kufunguka kwa kuvuta mara moja. Hakuna anayefunga hivyo kitu asichokusudia kukirudia. Asmahani alipitisha vidole sakafu nzima ya mtumbwi akitafuta tundu, pigo la shoka, doa. Hakukuwa na kitu, ila ufa mwembamba mbele, uliozibwa kwa kitu cha njano.

Alijifuta vidole kwenye sweta.

"Octavian," aliita, "wavuvi wa mwalo wako, pale wanaposhusha samaki, wanatumia mitumbwi gani?"

"Ya mbao zilizoungwa, afande. Wanapaka lami. Wa gogo ni huu wa yule mzee peke yake. Alikuwa akisema ni wa kale kuliko yeye."

"Na wewe kwenu wapi?"

"Mimi wa Singida. Kwetu maji yenyewe tunayaonea kwenye ndoo."

Ndiyo maana, Asmahani aliwaza. Hapa palikuwa na mtu wa Singida, mtu wa Rombo na wavuvi wa mbao za lami, na katika wote hakuna aliyewahi kuutunza mti mtupu wakati wa kipupwe. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa mito, lakini alilelewa na mama mwenye kinu. Kila upepo huu mkavu ulipoanza kuvuma Tabora, mama yake alikijaza kinu maji na kukifunika gunia, na ole wake mtoto atakayeyamwaga. Kinu kikikaa kikavu kipupwe kizima kinapasuka katikati, na kinu kilichopasuka hakishoneki.

"Huu mtumbwi haukuzamishwa kuficha kitu," alisema, akasimama. Magoti yake yalilia. "Umelazwa majini usipasuke. Mwenyewe aliulaza kwa mikono yake, akautandikia, akauwekea mawe usielee, akashika njia kwenda mahali akijua atakaa siku kadhaa. Maiti haitandiki nyasi. Anton, Mzee Majidi aliondoka hapa akiwa hai."

Anton, ambaye dakika chache tu zilizopita alikuwa ameshamzika mzee wa watu, alipumua pumzi ndefu iliyotoka na moshi.

"Alhamdulillahi," alisema, ingawa alikuwa Mkatoliki.

*

Mtandao wa simu ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya mwalo. Walivuka mto kurudi upande wa pili, Asmahani akapanda kichuguu kile, akapiga kituoni, akaomba Jilala aletwe kwenye simu.

"Jilala."

"Naam, afande." Sauti ilikuwa imechoka. Jana alipoambiwa kwamba mtumbwi umekutwa umezama alipiga yowe, akajigonga kichwa ukutani, na askari wa zamu akaandika kwamba mtuhumiwa ameonyesha dalili za kujuta. Asmahani ndiye aliyeagiza aambiwe hivyo na si zaidi, kwa kuwa ndivyo kazi inavyotaka: mtuhumiwa hapewi mambo ambayo mhalifu peke yake anayajua.

"Sikiliza vizuri. Kila mwaka mkimaliza kuvua, mtumbwi wa mzee mnaufanyaje?"

"Tunaulaza, afande. Yaani yeye ndiye anayeulaza. Mimi nabeba mawe, mgongo unaniuma mwaka mzima. Anautandikia nyasi utadhani anamlaza mjukuu."

"Mtumbwi tumeukuta na mawe ndani. Na nyasi chini ya mawe."

Asmahani alisikia kitu kama kwikwi upande wa pili.

"Una nyasi?"

"Una nyasi. Na kafi ndani ya gunia."

"Basi mzima!" Jilala alipiga kelele hata simu ikakwaruza. "Afande, yule mzima! Mbona mliniambia umezama? Mimi nimekesha nikimwona yuko tumboni mwa mamba! Mngesema una mawe ningewaambia palepale!"

Asmahani alifumba macho.

"Ni kosa letu. Sasa nisaidie. Koti, redio na manukato. Alikupa yeye mwenyewe?"

"Si nimewaambia tangu siku ile! Aliniamsha alfajiri akasema, Jilala, nitunzie hivi, natembea kidogo. Nikamuuliza, unatembea wapi na baridi hii bila koti? Akacheka akasema, Msukuma ukijua utanifuata na ng'ombe wako. Akapanda mtumbwi, akaenda zake."

"Na ile ya kumzamisha ule rambirambi?"

"Afande," Jilala alisema kwa mshangao wa kweli, "yule ni mtani wangu. Mababu zake walikuja Tabora na misafara ya wapagazi kutoka pwani, Wazaramo hao. Sasa mimi Msukuma nimwambie nini, nimwombee maisha marefu?"

Anton, aliyekuwa amesimama chini ya kichuguu akisikiliza, alimtupia Octavian jicho. Octavian aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemuuliza kama wawili wale walikuwa watani, na yeye hakufikiri kuuliza.

Asmahani alikata simu, akateremka, akaenda kwenye gari. Vielelezo vilikuwa nyuma, kila kimoja ndani ya mfuko wake. Aliviweka vitatu juu ya boneti: koti zito la sufu, jeusi, la enzi za reli, redio ya mkulima yenye kamba, kichupa cha manukato chenye harufu ya waridi iliyopenya hadi nje ya mfuko.

"Mtu anakwenda mahali wakati wa baridi," alisema polepole, kama anayejisomea. "Anaacha koti lake la joto. Anaacha redio ambayo haiachi hata akienda chooni. Anaacha manukato, na Majidi nakwambia hapiti barabarani bila kunukia. Nani anayakataa yote matatu, Anton? Weusi wa sufu, kelele, na harufu kali?"

"Mwizi?" Anton alijaribu. "Hapana. Mgonjwa?"

"Ulipokuwa kwenye mtumbwi, mbele pale kwenye ufa, uliona nini kimezibwa?"

"Gundi fulani ya njano."

Asmahani alichokonoa chini ya kucha ya kidole gumba, alikokuwa amebakiza kidonge kidogo, akakiminya, akampa anuse. Anton alinusa. Uso wake ulifunguka taratibu.

"Nta."

"Nta mbichi, ya msimu huu, bado ina asali. Amekwenda kwenye nyuki. Nyuki hawapendi kitu cheusi chenye manyoya, hawapendi kelele, na ukiwaendea na marashi umejitakia mwenyewe. Na hakuaga kwa sababu waendao asali hawaagi." Alikuwa akicheka sasa, hawezi kujizuia. "Nina mjomba ana mizinga Sikonge. Maisha yangu yote sijamsikia akisema naenda kurina. Anasema natembea. Ukimuuliza wapi, anakasirika, kwa maana kambi haitajwi mpaka asali iwe imetoka porini. Mtu wa Igunga anayejua ng'ombe angejuaje? Ameambiwa mtu anatembea, akaamini anatembea."

Octavian alikohoa. "Afande, kuna moshi ng'ambo. Upande wa juu ya kile kijito. Nimeuona siku zote hizi. Wale warina asali wana vibali vyao, kwa hiyo sikuwasumbua."

"Unauona tangu lini?"

"Tangu kabla mzee hajapotea."

Asmahani alimtazama, akatazama mbingu, akamwachia Mungu hasira yake. "Leta mtumbwi wako wa doria," alisema.

*

Ukungu ulikuwa umeinuka. Jua la kipupwe, lile lisilounguza, lilimwagika juu ya maji, na mto wote ukawa na rangi ya chai ya rangi. Octavian alikaa nyuma na upondo. Anton alikaa katikati, ameshika kingo mbili kwa mikono miwili, akisali kimoyomoyo. Asmahani alichukua kafi, akakaa mbele.

Mwanzoni alipiga vibaya, akamlowesha Anton mara mbili. Kisha mkono ulishika mwendo. Mayungiyungi yaliwapisha kushoto na kulia, na mdiria mmoja alijitupa majini kama jiwe, akaibuka na dagaa mdomoni. Viboko walikoroma mbali, kwenye dimbwi la chini, wakiwa hawana habari na mtu. Hewa ilikuwa ya baridi na safi kiasi kwamba kila pumzi ilihisiwa hadi kwenye mbavu. Kwenye kina cha kijito perege waliruka, mmoja hapa, mwingine pale, na Octavian, bila kuomba ruhusa, alining'iniza mshipi na chambo nyuma ya mtumbwi.

"Tuko kazini," Anton alimkumbusha.

"Mshipi nao uko kazini," Octavian alijibu.

Asmahani alisikia na kuacha. Kwa mara ya kwanza tangu alipopewa jalada lile alikuwa anapumua hadi mwisho wa pumzi. Alimfikiria mzee wa Chemchem aliyechekwa mtaa mzima kwa raha hii, naye Asmahani, ambaye hakuwahi kumcheka wala kumtetea, aliona kwamba mzee alikuwa na haki. Alitaka kijito kile kisiishe. Alitaka pia kiishe upesi, kwa sababu kuna mtu alikuwa amelala juu ya sakafu ya saruji.

Octavian alivuta kambare mzito hata kabla hawajafika. Anton alipiga ukelele uliowatimua kware.

Walipotia nanga waliona njia nyembamba ikiingia kwenye miombo, na kwenye vumbi lake nyayo za makatambuga ya matairi, na juu ya nyayo hizo alama za kiatu kimoja cha ngozi chenye kisigino kilicholiwa upande. Asmahani alizipiga picha, kwa mazoea tu. Harufu ya moshi na asali iliwapokea kabla ya watu.

Lago, kambi ya warina asali, lilikuwa vibanda vichache vya nyasi kuzunguka moto. Madumu yalipangwa kivulini. Juu ya gogo, miguu imenyooshwa, sega la asali mkononi, alikaa Mzee Majidi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limevimba na kuziba kabisa, na mdomo wa juu umekaa kama si wake. Alikuwa na furaha ya mtoto wa Idi.

"Karibuni!" aliita. "Huyu si Asmahani, binti wa jirani? Mwanangu, umekuja na kambare kabisa! Karibu, kaa, onja."

"Shikamoo, mzee," Asmahani alisema, na machozi yakamtoka. Hakutegemea. Alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, si kwa mtu anayemkaribisha asali.

"Marahaba. Mbona unalia? Moshi?"

Mtu mfupi, mkavu, alitoka kibandani akijifuta mikono. Ndiye Shigela, mkuu wa lago. Alipoona sare, hakuharakisha. Aliwaamkia, akaamkiwa, akauliza habari za Tabora, za mvua zilizopita, za watoto. Ndipo akangoja.

"Mzee Majidi," Asmahani alisema, "simu yako iko wapi?"

"Ndani ya mkoba, nimeizima. Huku haziruhusiwi. Mtu akishaingia lago akala chungu kimoja na wenzake, hatoki wala hapigi simu mpaka asali itoke. Shigela alinialika, na mimi nimeitamani nafasi hii tangu nikiwa kwenye injini, nikiyaona mapori haya yanapita tu dirishani. Nilimwambia Jilala natembea. Kwani hakuwaambia?"

"Aliwaambia watu. Hawakumwamini. Mimi sikumwamini." Alivuta pumzi. "Jilala yuko mahabusu, mzee. Kwa kukuua. Kesho anapelekwa mahakamani. Na nyumbani kwako watu wamekaa kwenye mikeka. Mama Mwanamkuu anangoja tumwambie aingie eda."

Sega lilianguka. Majidi alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Jilala?" alisema. "Jilala wangu? Amekula? Amefunikwa na nini? Kule ndani kuna baridi, na koti..."

"Koti tulilichukua. Ni kielelezo."

"Nakwenda," Majidi alisema, na alikuwa ameshaanza kutafuta kiatu. Kisha alisita, akamgeukia Shigela, na macho ya kambi nzima yakamgeukia Shigela pia. Watu hawa walikuwa wamekaa porini wiki kadhaa. Kwao mtu kuvunja lago kabla ya wakati si jambo dogo. Asali inaharibika, nyuki wanahama, na mwaka unaofuata mizinga inabaki mitupu. Anton alishika mkanda wake kana kwamba sheria ya nchi ilikuwa imening'inia pale. Asmahani alimtikisia kichwa.

"Imebaki mizinga mingapi, mzee?" alimuuliza Shigela.

"Miwili. Ile ya juu kabisa, kwenye mninga."

"Ikibaki?"

Shigela aliutazama ule mti kwa muda mrefu. Nyuki walivuma. Alichukua kopo la maji, akalisogelea jiko lililokuwa katikati ya kambi, lile lisilozimwa tangu siku ya kwanza, akalimwagia maji. Moshi mweupe ulipanda.

"Miwili ni ya nyuki wenyewe," alisema. "Asali imetoka. Haya, jamani, fungeni mizigo. Mtu hawezi kulamba vidole huku mwenzake amefungwa kwa ajili yake."

*

Juu ya kichuguu, Majidi alimpigia mkewe. Walimsikia wote, kwa kuwa alikuwa mtu wa kelele za injini na hakujua kuongea na simu kwa upole.

"Mwanamkuu? Ni mimi. Mimi, Majidi. ... Ndiyo, mimi. ... Sijafa. ... Hapana, si mzimu, mke wangu, mzimu unapiga simu kwa salio gani?"

Kilichofuata kutoka upande wa pili kilikuwa kirefu, na mzee alikipokea akiwa amesimama wima kama anayesikiliza wimbo wa taifa. Mara moja moja aliitikia, ndiyo, ndiyo, una haki. Mwishoni alitulia, akasikiliza kwa namna nyingine, na machozi yakamtoka kwenye jicho zima na kwenye lililovimba. Alirudisha simu.

"Anasemaje?" Anton alishindwa kujizuia.

"Ameniuliza kama nimekula," Majidi alijibu.

Walifika kituoni jua likianza kulegea. Asmahani hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe kwa askari wa zamu, akaandika alichotakiwa kuandika, akatia saini, akachukua funguo, akafungua.

Jilala alikuwa amekaa pembeni, amejifunika shuka la kuazima, paji la uso lina plasta. Alimwona Asmahani kwanza, akasimama kwa adabu. Kisha akaona aliyesimama nyuma yake. Hakusogea. Alimtazama juu hadi chini, kwa makini ya mtu anayenunua ng'ombe mnadani.

"Afande," alisema, "mmeniletea nani huyu? Mzaramo wangu alikuwa na macho mawili."

"Ni nyuki, ndugu yangu," Majidi alisema kwa sauti ndogo.

"Nyuki wana akili," Jilala alisema. "Wana akili kuliko polisi."

Alinyoosha mikono miwili, akamshika Majidi uso mzima, uvimbe na vyote, akaupapasa kama kipofu. Wazee wale wawili walishikana mlangoni pa mahabusu, wakalia kwa sauti, bila kumwonea mtu aibu. Askari wa zamu alianza kusema kwamba pale mlangoni hapasimamwi. Asmahani alimwambia anyamaze, na mwenyewe akabaki ameshikilia mlango usijifunge.